Thaddeus Stevens alipinga utumwa tangu mwanzo?

Umeuliza kama Thaddeus Stevens, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 19, alikuwa adui wa utumwa tangu ujana wake. Hapana, na kumbukumbu za mahakama zinamsuta. Mwaka 1821, akiwa wakili kijana huko Gettysburg, Pennsylvania, alimtetea mwenye watumwa dhidi ya Charity Butler, mama aliyekuwa akidai uhuru. Stevens akashinda, mama wa watu akarudishwa utumwani. Wanaomsifu huwa wanairuka kesi hii.

Ila aligeuka kwelikweli. Mwaka 1838 alikataa kutia sahihi katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwanyima weusi haki ya kupiga kura. Akawatetea watumwa watoro mahakamani. Alipokuwa Bungeni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini iliyoshikilia utumwa, akiongoza kamati ya fedha, jeshi la Kusini lilikichoma kiwanda chake cha chuma cha Caledonia, Juni 1863. Hakulegeza kamba hata kidogo. Vita vilipokwisha alitaka mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yagawiwe waliokuwa watumwa. Hilo wenzake wakalikataa. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyowapa uraia waliokuwa watumwa, yalipita, ingawa yeye aliyaona hayatoshi.

Hata kuzikwa alichagua makaburi madogo ya Lancaster, kwa kuwa mengine yalibagua rangi. Alifariki Agosti 1868, miezi michache baada ya jaribio alilolipigania la kumng'oa Rais Andrew Johnson kushindikana katika Seneti kwa upungufu wa kura moja.