Tulipu ya kwenye glasi kutoa majani bila ua

Ua la tulipu ukiliotesha kwenye glasi ya maji likatoa majani tu, kilichokosekana ni baridi, si udongo. Kitunguu cha tulipu (sehemu yake ya kupandwa, inayofanana na kitunguu) kinahitaji wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzi 2 hadi 9 za Selsiasi ndipo shina lirefuke na ua litoke vizuri. Kiweke kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi, mbali kabisa na matufaha na ndizi: gesi ya matunda yanayoiva huua ua changa likiwa bado ndani. Mimi nilipoteza vyote mwaka wa kwanza kwa hilo tu. Halafu kwenye glasi, maji yaishie chini kidogo ya kitako cha kitunguu, yakikigusa kinaoza. Ila kitunguu kilichooteshwa majini huchoka, usitegemee kichanue tena mwakani.