Wagalatia wa Paulo na Waselti

SWALI: Katika kikundi chetu cha Biblia tumeambiwa kwamba Wagalatia walioandikiwa na Mtume Paulo walikuwa Waselti, ndugu wa watu wa kale wa Ufaransa. Ni kweli? Walifikaje Uturuki? (Msomaji, Arua)

JIBU: Kufika walifika, na mwaka unajulikana. Mwaka 279 KK Waselti chini ya Brennus waliivamia Ugiriki hadi Delphi, wakarudishwa nyuma. Kundi jingine lilikuwa limekwisha jitenga nao, likiongozwa na Leonnorius na Lutarius. Mwaka 278 KK mfalme Nikomede wa Bithinia, kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo, akawavusha ng'ambo wamsaidie kupigana na ndugu yake. Livy, mwanahistoria wa Roma, anataja watu 20,000, wenye silaha wasiozidi 10,000. Hao si askari wa kukodiwa tu. Ni watu waliohama. Vita vilipokwisha hawakurudi. Walikaa katika makabila matatu, nchi yao ikaitwa Galatia, kabila la Tectosages likishika eneo la Ankara ya leo. Katika karne ya 4 BK, Mtakatifu Yeronimo bado aliandika kwamba lugha yao inafanana na ile ya watu wa Trier, mji wa kale wa Waselti katika Ujerumani ya leo.

Waraka wenyewe ni suala jingine, na hapa wengi huteleza. Mwaka 25 KK Kaisari Augusto aliifanya Galatia kuwa jimbo la Roma, na mipaka yake ikachukua pia miji ya kusini: Ikonio, Listra na Derbe. Huko wenyeji hawakuwa Waselti. Someni Matendo 14:11, watu wa Listra wanapaza sauti kwa lugha ya Likaonia. Paulo akisema "Wagalatia", anaweza kuwa anawaita Waselti wa kaskazini au raia wa jimbo zima, na wataalamu wamegawanyika. Kikundi chenu kiseme hivi: jina ni la Waselti, wasomaji wa kwanza huenda hawakuwa.

SWALI: Katika shindano la maswali tulihesabu miaka 112 kutoka vita vya Alesia, Waselti wa Ufaransa waliposhindwa na Roma (52 KK), hadi uasi wa Boudica, malkia wa Waselti wa Uingereza, dhidi ya Roma (60 BK). Mwamuzi akasema 111. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Jinja)

JIBU: Mwamuzi. Baada ya 1 KK unakuja 1 BK moja kwa moja, hakuna mwaka 0. Kwa hiyo jumlisha 52 na 60, kisha toa 1. Ila mwaka wa Boudica una utata: Tacitus, mwanahistoria wa Roma, anauweka uasi huo 61, wataalamu wengi wanaona ulianza 60. Ndiyo maana vitabu huandika 60/61. Mtunzi wa swali ataje mwaka anaoutumia, la sivyo 112 nayo ina haki yake.

Mkiwa hapo hapo Alesia, msiandike kwamba Vercingetorix, kiongozi wa Waselti, aliuawa vitani. Alijisalimisha kwa Julius Caesar, akafungwa Roma, akauawa mwaka 46 KK baada ya kupitishwa katika gwaride la ushindi.