Pikipiki ya theluji ikichoka mlimani, anza na klachi

Majira ya baridi yaliyopita nilipigiwa simu na rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu anayeishi Denver. Alikuwa amenunua pikipiki ya theluji iliyotumika, ikaletwa kwa trela kutoka Minnesota, na siku ya kwanza tu akaipandisha Rabbit Ears, juu ya mji wa Steamboat Springs. "Fundi," akaniambia, "injini imekufa. Inanguruma lakini haipandi, na mkanda unanuka kama mpira ulioungua." Nikamuuliza jambo moja: ukiminya mafuta mpaka mwisho, geji ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, inasoma ngapi? Hakuwa ameiangalia.

Nilimwelewa vizuri, kwa sababu yalinikuta hayohayo msimu wangu wa kwanza huku Colorado. Nilikuwa nimetoka Tanga, nimetengeneza pikipiki miaka mingi, na mashine ikikosa nguvu mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye plagi na mafuta. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la mafuta, nikanunua mkanda mpya. Wikendi mbili zikapita na mashine bado nzito. Injini ilikuwa nzima kabisa. Klachi ndiyo ilikuwa imepangwa kwa nchi tambarare.

Sehemu kubwa ya Minnesota iko mita 300 hadi 400 hivi juu ya bahari. Kipito cha Rabbit Ears kiko mita 2,873. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Fanya hesabu mwenyewe: mashine ya nguvu za farasi 160 ikifika pale inabaki na kama 115. Kompyuta ya injini za siku hizi hupima msukumo wa hewa na kupunguza petroli yenyewe, kwa hiyo hata moshi hauoni. Wenye kabureta za zamani wao hubadilisha jeti, vile vitundu vinavyopitisha petroli. Lakini klachi haina kompyuta. Inabaki ilivyofungwa mpaka mtu ashike spana.

Aliyewahi kufungua skuta ataielewa haraka, maana mfumo ni uleule: magurudumu mawili yenye mfereji, na mkanda unapita katikati. Gurudumu la upande wa injini lina vichuma ndani, tuviite vizito, na mashine nyingi zina vitatu. Injini ikizunguka kwa kasi vizito vinatupwa nje, vinasukuma sahani ya klachi, mkanda unabanwa na kupanda juu. Huko ndiko kubadilisha gia. Springi iliyo ndani inavuta upande wa pili. Kizito kikiwa na gramu nyingi, kinabana mapema na kwa nguvu, na injini inabebeshwa mzigo mkubwa. Usawa wa bahari injini inauweza mzigo huo. Mlimani haiuwezi, kwa hiyo mizunguko inashuka.

Dereva wa lori anayepanda Kitonga na gia kubwa anajua mwisho wake: injini inakata pumzi mpaka ashushe gia. Kwenye pikipiki ya theluji huna kijiti cha gia. Vizito ndivyo vinavyokuamulia, na umeviamua wewe ukiwa gereji.

Sasa, injini hizi za tu-stroki nguvu zao zimejaa kwenye nafasi finyu. Kitabu cha mashine yangu kinataka 8,250 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Siku ile ya kwanza nilikuwa napata 7,600. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini kwenye theluji ya kiunoni ndiyo tofauti ya kupanda na kuchimba shimo. Ndiyo maana nasisitiza sana geji. Sikio linadanganya, hasa ukiwa na kofia ngumu na upepo. Kabla hujanunua kitu chochote, pasha mkanda moto kwa kilomita chache, tafuta uwanja mpana wa theluji isiyokanyagwa, minya mafuta mpaka mwisho na uyashikilie kwa sekunde kadhaa. Soma namba. Rudia kwenye mteremko, ukipanda. Iandike pamoja na kimo ulichopo na baridi ya siku hiyo.

Namba ikiwa chini ya ile ya kitabu, vizito ni vizito mno. Ikiwa juu, ni vyepesi mno. Katika mashine nilizozishika mimi, kupunguza gramu 1 kwa kila kizito kumeongeza kama mizunguko 100. Si sheria ya injini zote, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Yule rafiki yangu alisoma 7,700 naye alitakiwa 8,250, kwa hiyo tulianza kwa kutoa gramu 5 kwenye kila kimoja, tukapata 8,150, kisha tukatoa moja zaidi. Vizito vyote vilingane gramu kwa gramu, la sivyo klachi itatetemeka na kula bushi zake. Viwanda vingi hubandika jedwali chini ya boneti au kwenye kava ya mkanda, linaloonyesha kizito na springi kwa kila kimo. Limeandikwa kwa futi, basi zidisha mita zako kwa 3.28. Fuata jedwali kwanza, kisha geji ikusahihishie. Mashine za Ski-Doo zenye klachi ya aina ya TRA zina virekebisho vya namba kwenye klachi yenyewe: ukisogeza kwenda namba kubwa, mizunguko inapanda, bila kubadilisha vizito.

Ukifungua kava ya klachi, nakuomba usiwe na haraka. Ndani kuna springi iliyobanwa yenye nguvu ya kuvunja kidole. Weka alama kwenye kava na mwili wa klachi ili virudi vilivyokuwa, legeza boliti kidogokidogo kwa kupishana, na usiwashe injini kava ya mkanda ikiwa wazi. Mkanda ukikatika kwenye mizunguko elfu nane hautakupa nafasi ya kukwepa.

Springi ya klachi ya injini ina namba mbili, nguvu ya mwanzo na ya mwisho. Ya mwanzo inaamua mashine ianze kushika kwenye mizunguko mingapi. Wengi hupenda ishike juu ili iruke kwa kishindo. Kwenye theluji laini mimi sipendi, kwa sababu treki, ule mkanda mpana wa chini unaoisukuma mashine, inazunguka ghafla na kujichimbia handaki kabla hujasogea.

Klachi ya pili, ile ya upande wa treki, ina heliksi, kipande chenye mteremko wa kuzunguka kinachoongoza sahani zake, na springi yake. Heliksi yenye pembe ndogo huchelewesha kupanda gia na huirudisha gia chini upesi ukikutana na theluji nzito, jambo linalofaa mlimani. Lakini usiiguse mpaka umemaliza kazi ya vizito, na usibadilishe vitu viwili siku moja. Nimeona watu wakinunua seti nzima, wakafunga yote kwa mkupuo, kisha wasijue kipi kimewasaidia na kipi kimewaharibia. Springi ngumu kupita kiasi kwenye klachi hii ya pili hugeuka kuwa joto, na joto ndilo linaloua mkanda. Baada ya kupanda, zima injini, fungua pembeni, usogeze kiganja karibu na sahani za klachi. Ukishindwa kukiacha hapo, kuna kinachoteleza. Safisha sahani kwa dawa ya kusafishia breki, na mkanda mpya uuendeshe polepole kama kilomita 50 za mwanzo.

Mashine ikishapata pumzi, itakufikisha kwenye miteremko ambayo jana ilikuwa haikuruhusu. Hapo maporomoko ya theluji yanaua watu kila mwaka. Kituo cha maporomoko cha Colorado, CAIC, hutoa taarifa kila siku ya msimu. Isome asubuhi kabla ya kufunga trela, na usipande bila kifaa cha mawimbi mwilini cha kukutafutia ukifukiwa, koleo, fito ya kutafutia, na mwenzako anayejua kuvitumia.

Na siku ukiirudisha mashine bondeni, rudisha na vizito vyake. Huko hewa ni nzito, injini inapata nguvu zake zote, na kizito chepesi kitaiacha ipite mizunguko yake mpaka ijiumize. Vile vya Minnesota nimemwekea rafiki yangu kwenye kopo lenye kifuniko, kila kimoja kimeandikwa gramu zake kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na karatasi ya namba tulizosoma Rabbit Ears. Kopo liko chini ya kiti cha mashine. Akiiuza, linakwenda nayo.