Chai au ĉai?

Msomaji wa Kisauni anauliza: "Najifunza Kiesperanto. Kule kila sauti ina herufi yake moja, hata ch huandikwa ĉ na sh huandikwa ŝ. Mbona sisi twang'ang'ania herufi mbili kwa sauti moja? Tusiwaige?"

Tusiwaige, na sababu imo humo humo katika Kiesperanto. Ni lugha ya kubuniwa, na mbunifu wake, Zamenhof, alipokitoa mwaka 1887 alikipa herufi 28, sita kati yake zikiwa na alama juu: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ. (Irabu ni zetu zile zile tano, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana humkalia Mswahili mdomoni bila taabu.) Wapiga chapa wengi hawakuwa na herufi hizo zenye kofia, ikabidi Zamenhof mwenyewe aruhusu h ishike nafasi ya kofia, yaani ĝ iandikwe gh. Hapo ndipo utata ulipoingia. Uwanja wa ndege kwao ni flughaveno, na humo g na h ni sauti mbili mbalimbali. Kwa mtindo wa h, mgeni atajuaje kuwa hiyo si ĝ? Wengine basi huandika cx na sx, kwa kuwa x haimo katika alfabeti yao. Haipendezi machoni, lakini haichanganyi.

Kiswahili hakina balaa hilo. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo s na h hazikutani ovyo. Ukiona sh, ni sauti moja. Zikikutana, aghalabu ni katika maneno ya asili ya Kiarabu, nasi hutia kistari: Is-haka, mus-haf.

Mimi ningelalamikia ng'. Ritifaa yake watu huiacha wakiandika kwenye simu, na mtu anayeng'oa jino akaonekana ana ngoa, yaani wivu. Na hapa Mombasa tuna pengo kubwa zaidi. Paa wa porini twamtamka kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. Kaa wa baharini na kaa la moto, vivyo hivyo. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo hata kidogo. Mwenye hamu ya kuvisha herufi kofia na aanzie p na k, ch aiache ilivyo.

Ila ukinukuu neno la Kiesperanto ndani ya habari ya Kiswahili, usilivue kofia: andika ŝipo (meli), si shipo.