Kuhusu ile dawa ya mizizi ya sikoseli

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Unauliza kama umwachishe mjukuu wangu haidroksiurea, ile dawa yake ya hospitali, uanze hiyo dawa ya mizizi aliyokuletea mama mkwe wako, eti inamaliza sikoseli kabisa. Usimwachishe. Na usidhani nadharau miti shamba, nimekuzwa nayo na mafua yakinibana bado najua pa kuanzia.

Ila hilo neno "inamaliza" ndo linanitia shaka. Sikoseli sio mdudu useme ukinywa kitu kichungu atakufa, iko kwenye vinasaba, mtoto kachukua kwako na kwa baba yake, na uboho kwenye mifupa unazitengeneza kila siku hizo seli nyekundu za damu zinazojikunja kama mundu. Seli nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120, ya kwake mara nyingi hata 20 hazifiki. Sasa mzizi gani utaenda kubadilisha hayo? Hata ile tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani 2023, wanakutoa seli zako, wanazirekebisha maabara, unapigwa kemo kwanza ndo unarudishiwa. Anayesema chupa tatu zinatosha muachie chupa zake.

Kupunguza maumivu hapo sawa, miti shamba ina la kusema. Nigeria walichukua dawa ya kienyeji wakaifanyia kazi kwenye taasisi ya utafiti wa dawa kule Abuja wakaiita Niprisan, ndani kuna karafuu, mtama, aina ya pilipili manga ya kwao na mti mmoja jamii ya mninga. Wakaipima vizuri tu, wagonjwa wengine wanapewa dawa, wengine kitu kisicho na dawa, halafu wanabadilishana. Maumivu makali yalipungua, upungufu wa damu ukabaki palepale. Hakuna aliyepona. Ikaingia sokoni 2006 na kampuni iliyokuwa inaitengeneza ikafilisika baadae. Mbaazi na mpapai navyo vimechunguzwa ila mengi ni ya kwenye kichupa cha maabara, wanaweka damu na dawa wanaona seli hazijikunji wanafurahi, na kwenye kichupa hamna ini wala figo za mtoto.

Na figo ndo zinanitisha. Mtoto wa sikoseli figo zake hazishiki maji vizuri, ndo maana anakojoa sana usiku, sasa ukimpa mizizi inayoharisha au kuzidisha mkojo, maji yanaisha mwilini, seli zinajikunja, anaanza kushika magoti analia. Mtu atakwambia dawa inatoa uchafu, kumbe ndo umemuitia maumivu.

Haidroksiurea inarudisha kwa wingi ile hemoglobini ya uchangani (kile kitu cha ndani ya seli nyekundu kinachobeba hewa), ambayo haifanyi seli zijikunje. Waliipima kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, majibu yakatoka 2019, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Hiyo chupa yako nani kaipima hivyo?

Mama mkwe usimvunjie heshima, anampenda mjukuu wake kama mimi. Ipokee, mshukuru, mwambie daktari anataka kuiona kwanza, halafu muulize ni mti gani, mizizi au magome, inachemshwa na nini. Nenda nayo kliniki. Akijua mti daktari anaweza kukwambia kama ina shida, asipoujua usimpe, maana akipima damu akikuta chembe nyeupe zimeshuka hatajua ni haidroksiurea au ni mzizi.

Penisilini na foliki asidi asikose, maji anywe siku nzima. Mkono wako upitishe chini ya mbavu za kushoto kila jioni, taratibu, ukikuta bandama imevimba kuliko jana, au homa imefika 38.5, mizizi yote weka chini mkimbize hospitali hata kama ni saa nane usiku. Mkitoka kliniki nipigie unambie daktari kasemaje.

Mama