Maswali yenu: Kusomea muziki na maigizo

Nimemaliza kidato cha nne, naimba kwaya na kuigiza. Niende Bagamoyo au Zanzibar? (Msomaji, Morogoro)

Kama ni maigizo, Bagamoyo. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufundisha muziki, ngoma na maigizo chini ya paa moja, na mwigizaji asiyejua kushika ngoma hapo hujikuta pembeni. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, kilianza mwaka 2002, na nguvu yake ni taarabu na ala zake: udi, ganuni, fidla, nai. Uigizaji si kazi yake.

Chuo kidogo kina raha yake, maana utapanda jukwaani mapema. Tabu ni ala moja kugombewa na watu wengi. Kabla ya kulipa ada uliza chombo unachokitaka viko vingapi, kama kinaazimwa kwenda bwenini, na vyumba vya mazoezi hufungwa saa ngapi. Hilo la mwisho watu hawaliulizi, halafu wanafanyia mazoezi chooni.

Tuna igizo lenye nyimbo na ngoma. Kila siku ya tatu ya mazoezi sauti inakauka. Nakunywa tangawizi na asali, wapi! (Msomaji, Tanga)

Tangawizi haifiki kwenye nyuzi za sauti, ingefika ungepaliwa. Unachomeza hupita njia nyingine. Nyuzi hupata maji kutoka mwilini, kwa hiyo maji uliyokunywa tangu asubuhi yana faida kuliko chupa unayoikimbilia nyuma ya pazia.

Tunashuku ngoma. Zikiwa mgongoni mwako hujisikii, na asiyejisikia husukuma sauti bila kujua. Wahamishe wapigaji pembeni mwa jukwaa, na wapunguze mkono kila mwimbaji anapoingia. Kishindo kirudi kwenye kiitikio. Kisha angalia pumzi. Anayeruka huku anaimba hubana koo wakati wa kutua. Weka alama za pumzi kwenye daftari la maneno kabla hamjapangiwa hatua, na mpanga ngoma aziheshimu: asiweke mruko mkubwa katikati ya noti ndefu.

Kupasha sauti, tafuta mrija na chupa ya nusu lita iliyojaa maji nusu. Zamisha mrija sentimita 3 tu, legeza mashavu, puliza huku ukitoa "uuu" kutoka chini kwenda juu na kurudi, kama king'ora. Mapovu yakikatika, pumzi imekatika. Anza upya, taratibu zaidi. Ukizamisha mrija hadi chini utapambana na maji badala ya kulainisha sauti. Dakika 5 kabla ya mazoezi, 3 baada yake.

Siku sauti imekwaruza, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu si mapumziko. Ikizidi wiki 3 bila kurudi, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Nasoma solfa (do, re, mi) tu. Nitaachwa nyuma darasani? (Mwanakwaya, Mbeya)

Hapana, wengi hutokea huko huko, na sikio la solfa ni mtaji. Lakini kuna mitego miwili.

Wa kwanza: do huhama, C ya kinanda haihami. Wimbo ukiandikwa "Do ni G", ti yake ni F iliyopandishwa nusu. Mwanakwaya mgeni hupiga F ya kawaida, na wimbo unapotaka kurudi nyumbani kwenye do unapooza. Do ikiwa F, tatizo linahamia kwenye fa: hiyo ni B iliyoshushwa nusu. Chukua sauti ya kwanza (soprano) ya wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, iandike kwenye mistari mitano ya noti mara tatu, do ikiwa C, kisha G, kisha F, na kila mara uipige kwenye kinanda kwa kidole kimoja. Usibadilishe wimbo, ukiwa mpya hutajua umekosea wapi.

Wa pili ni nukta. Kwenye solfa nukta pacha hutenganisha mapigo, na nukta moja hukata pigo katikati. Kwenye mistari mitano, nukta inayofuata noti huirefusha kwa nusu yake: noti ya mapigo 2 inakuwa 3. Ukisoma ya pili kwa mazoea ya kwanza, utafika mwisho wa mstari wenzako wangali katikati.