Waini nyekundu inayokubali barafu

Wiki yangu ya tatu kwenye mgahawa wa hoteli, mgeni aliniuliza kama tuna Beaujolais. Nikapekua rafu nzima, nikarudi kumwambia samahani, hatuna. Mkuu wa zamu alinisubiri hadi mgeni alipoondoka. "Mdogo wangu, na hii ya wapi?" Mkononi alishika chupa ya Morgon. Zilikuwepo tatu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi ya kuhudumia waini, someni lebo kwanza. Beaujolais ni eneo la vilima kaskazini mwa Lyon, Ufaransa. Ndani yake kuna sehemu kumi zinazoheshimika zaidi, na hizo hujiandika kwa majina yao: Morgon, Fleurie, Brouilly, Juliénas, Moulin-à-Vent na nyinginezo. Neno Beaujolais mara nyingi hulioni kabisa, na jina la zabibu yenyewe, Gamay, ni nadra zaidi. Ni kama karafuu kuitwa Pemba tu, anayejua ajue.

Gamay imewahi kufukuzwa kwao. Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe kwa hoja kwamba inazaa mno na waini yake ni mbovu. Huko kusini kidogo, Beaujolais, kwenye udongo wa mawe ya graniti, ndiko ilikojipatia jina.

Sasa ladha. Usikariri orodha ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia mdomoni, mgeni atakuuliza swali la pili ukwame. Anza na ukakasi, ule wa bibo unaokaza ulimi na kukausha fizi. Waini nyekundu nyingi zinao tele. Gamay ina kidogo, badala yake ina uchachu unaofanya mate yatoke. Harufu yake ni ya stroberi, na chupa changa hunukia ndizi mbivu na pipi. Ndizi hiyo imetoka tangini: mashada huingizwa mazima bila kupondwa, tangi likafungwa na kujaa hewa ukaa, na kuchachuka kukaanzia ndani ya kila punje. Ndiyo maana ile changa kabisa, Beaujolais Nouveau, inayotoka kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, hunukia hivyo kuliko zote. Hiyo uzeni mapema, msiiweke stoo.

Kama dini yako haikuruhusu kunywa, nusa. Nina mwenzangu ambaye hajaonja hata tone, na pua yake inanishinda.

Jambo linalowapa wageni shaka ni barafu. Wameambiwa waini nyekundu hunywewa kwa joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya enzi za baridi, si baraza letu lenye nyuzi 30. Beaujolais inapendeza kwenye nyuzi 12 hadi 14. Itie kwenye ndoo ya maji na barafu, robo saa inatosha. Ukakasi ukipoa huwa mkali, ndiyo sababu waini nzito hazitaki hivyo. Hii haina cha kuogopa.

Na chakula ni hesabu hiyo hiyo. Lyon wanainywa na soseji na kuku wa kuokwa. Hapa mimi huipeleka bila wasiwasi kwa jodari wa kuchoma, maana waini yenye ukakasi mwingi juu ya samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilau pia. Hata penye pilipili kiasi inavumilia, ilhali waini nzito hapo huwasha moto juu ya moto. Akiagiza nyama ya ng'ombe yenye mafuta, mchagulie Morgon au Moulin-à-Vent iliyokaa miaka michache, zina mwili zaidi, yaani ni nzito zaidi mdomoni.

Ila halua, usithubutu. Baada ya utamu ule waini hii inageuka maji ya ukwaju, na mgeni atakurudishia chupa akisema imeharibika. Mpelekee kahawa.